P peke yake, P kisha handbreki, au handbreki kwanza? Kuegesha na kuzima gari la otomatiki

Simamisha gari la otomatiki kwenye mteremko, mguu ukiwa juu ya breki. Weka P, ile nafasi ya gia ya kuegeshea, kisha achia breki taratibu. Gari litashuka kidogo, sentimita chache tu, halafu litagota na kuyumba kama mashua iliyofika mwisho wa kamba yake. Sasa rudia, ila safari hii vuta handbreki kwanza, achia breki ya mguu gia ikiwa N (gia huru), na P iwe ya mwisho. Gari linatulia palepale. Kesho yake ukija kuondoka utaona tofauti nyingine: ukiwa uliegesha kwa namna ya kwanza, mkono wa gia unatoka P kwa kung'ang'ania na unatoa mlio, "ka!", hata aliyesimama nje anausikia. Kwa namna ya pili unatoka kimyakimya.

Gari ni lilelile na mteremko ni uleule. Kilichobadilika ni aliyebeba uzito usiku kucha. Madereva wengi hubishana kuhusu mpangilio huu kana kwamba ni suala la adabu, na kila mtu hutetea alivyofundishwa. Zipo njia tatu zinazotumika, na hazifanani.

P inashika nini hasa

Ndani ya giaboksi kuna gurudumu la meno lililofungwa kwenye shafti inayopeleka nguvu kwenye matairi. Pembeni yake kuna kipande cha chuma chenye ukubwa unaokaribia kidole. Ukiweka P, kipande hicho hushuka na kuingia katikati ya meno mawili, kama komeo la mlango. Hakuna breki hapo, hakuna pedi wala msuguano. Ni chuma kuzuia chuma. Komeo lisipoangukia sawasawa kwenye nafasi ya jino, gari husogea kidogo mpaka nafasi ifike, na ule mgoto wa mwanzo ndio huo.

Kuna mambo mawili yanayofuata hapo, na wengi hawayajui. Kwanza, P hushika matairi yanayosukuma gari tu. Gari linalosukumwa na matairi ya mbele, P yake inashika mbele, na handbreki kwa kawaida inashika nyuma. Pili, nguvu hupita kwenye difu, yale meno yanayoigawa kati ya tairi la kushoto na la kulia, kabla ya kufika tairini, na difu ya kawaida huruhusu tairi la kushoto lizunguke mbele huku la kulia likizunguka nyuma. Tairi moja likipoteza mshiko, kwa mfano likiwa kwenye utelezi au limeinuliwa kwa jeki, P inaweza kubaki imefungwa vizuri kabisa na gari likaondoka.

Kwa wale wenye magari ya kwenda porini yenye mkono wa pili wa gia, ule wa kuchagua matairi mawili au manne: mkono huo ukiwa kwenye N, P haishiki chochote, kwa sababu umekata njia kati ya giaboksi na matairi.

Hata historia yenyewe inaonyesha kuwa komeo hili ni nyongeza. Gia otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, ilitoka na Oldsmobile za mwaka 1940 ikiwa haina P kabisa. Dereva alizima injini, akaweka R, na gia ya nyuma ndiyo ikafunga shafti.

Njia ya kwanza: P peke yake

Ndiyo njia ya watu wengi, na sababu yake inaeleweka: ni mwendo mmoja wa mkono. Umefika, umeweka P, umezima, umeshuka. Mahali tambarare kabisa haina ubaya wowote wa kukukosesha usingizi. Komeo limetengenezwa kwa kazi hiyo, na gari lililotulia halilisukumi.

Kwenye mteremko hesabu ni nyingine. Gari la kilo 1,500 kwenye mteremko wa asilimia 15 linavutwa kwenda chini kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 220. Mzigo huo unaegemea kile kidole cha chuma usiku mzima, na asubuhi unalazimika kukichomoa kwa nguvu kikiwa kimebanwa. Halivunjiki kwa siku moja, wala kwa mwaka. Lakini gari lako likigongwa na gari jingine linaloegesha vibaya, komeo hupokea kishindo chote peke yake, bila msaada wa handbreki.

Kasoro kubwa zaidi ya njia hii naiona kwingine. Dereva wa P peke yake haigusi handbreki miezi na miezi. Kebo inashika kutu, pedi zinaganda, na siku atakayoihitaji kweli anavuta mkono unaokuja juu laini kama hauna kitu. Tena, akiikosea P kwa nafasi moja au mbili, akaacha gia kwenye R au N, hana kitu cha pili cha kumwokoa.

Njia ya pili: P kwanza, handbreki baadaye

Hii inaonekana kama ndiyo salama, na ukitaka ulinzi wa mara mbili unaupata. Tatizo ni pale dereva anapoachia mguu kabla ya kuvuta handbreki. Anaweka P, anaachia breki, gari linashuka na kuegemea komeo, ndipo anavuta handbreki. Handbreki inashika gari ambalo tayari limekwishaegemea. Uzito haurudi juu. Ni kama kumwita mtu akusaidie kubeba gunia wakati umeshalitua: atalishika, ndiyo, lakini hajalibeba.

Ukivuta handbreki mguu ukiwa bado kwenye breki, hata kama P imetangulia, tofauti inapungua sana. Gari halijapata nafasi ya kushuka. Kwa hiyo mwenye mazoea haya hahitaji kujifunza upya kila kitu, ahakikishe tu mguu wa kulia ndio wa mwisho kutoka.

Hata hivyo kuna jambo njia hii inalificha. P ikiwa imeshashika, huwezi kujua kama handbreki nayo inashika. Unaivuta, inalia "kr-kr-kr", unaridhika. Inaweza kuwa imekufa tangu mwaka jana.

Njia ya tatu: handbreki kwanza, P mwisho

Mpangilio ni huu. Simama kabisa, mguu kwenye breki. Weka N. Vuta handbreki hadi mwisho. Achia breki ya mguu polepole, uache gari likae kwenye handbreki. Kanyaga breki tena, weka P, zima injini, ndipo uondoe mguu.

Faida inayotajwa sana ni kulinda giaboksi, na ni kweli, komeo linaingia bila mzigo. Ila mimi naichagua kwa sababu nyingine: pale unapoachia mguu gia ikiwa N, umeipima handbreki yako. Kama imechoka, gari litaanza kusogea hapohapo, wakati wewe umo ndani, injini inawaka na mguu uko vidole viwili kutoka kwenye pedali. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kugundua kwamba kebo imelegea. Niligundua ya kwangu hivyo. Gari lilianza kurudi nyuma taratibu, mwendo wa mtoto anayetambaa, nikakanyaga. Miezi yote kabla ya hapo nilikuwa natumia njia ya pili na sikuwa na habari.

Ina udhaifu wake, na si mdogo. Umepita N na unaweza kusahau kuimalizia. Simu imeita, mtoto analia kiti cha nyuma, unazima na kushuka gari likiwa N, limeshikwa na handbreki peke yake. Gari la ufunguo hukulinda hapa, kwani ufunguo haukubali kutoka mpaka gia iwe P. Gari la kuwashwa kwa kitufe halina ukali huo. Kama unajijua ni mtu wa haraka na kusahau, kuna njia fupi ninayoipenda karibu sawa na hii: mguu umekaza breki, vuta handbreki gia ikiwa bado D (ya kwenda mbele), peleka moja kwa moja P, kisha achia. Unakosa kile kipimo cha handbreki, lakini hupiti kwenye kituo cha kati unachoweza kukisahau. Kipimo kifanye mara moja kwa wiki.

Kwa ufupi wa kuchagua: tambarare, tumia yoyote, ilimradi gari limesimama kabisa kabla ya P (ukiiweka likiwa bado linatembea, meno yatalirusha komeo kwa mlio wa kukereza, na ukizidisha utayasaga). Kwenye mteremko, ya tatu au ile fupi yake. Na kwa gari la kuazima au la kukodi, ambalo huijui handbreki yake, ya tatu bila mjadala.

Mteremko ukiwa mkali, ongeza usukani. Ukielekea chini, geuza matairi ya mbele kuelekea ukingo wa barabara. Ukielekea juu na kuna ukingo ulioinuka, yageuze upande wa barabarani, ili gari likirudi nyuma tairi ligote kwenye ukingo. Kama hakuna ukingo, yageuze kuelekea nje ya barabara kwa hali zote mbili, ili likiondoka liende pembeni badala ya katikati ya wanaopita.

Handbreki ya kuvuta na ya kubonyeza

Ya kuvuta ina kebo, na ile ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto ni ndugu yake. Uzuri wake ni kwamba mkono unaihisi: unajua imeshika kwa namna inavyokaza. Ubaya wake ni kwamba nguvu yake ni nguvu yako. Mtu akiivuta nusu, imeshika nusu. Tena ukishuka mlima mrefu huku unakanyaga breki, diski zikawa za moto, zikipoa hunywea kidogo na handbreki iliyokuwa imekaza inaweza kulegea gari likiwa limeegeshwa. Siku hiyo P ndiyo inayokuokoa.

Ya umeme ina mota ndogo kwenye breki za nyuma na haijui uvivu, inabana kwa nguvu ileile kila siku. Mengi ya magari haya hujifunga yenyewe ukizima injini au ukiweka P, kwa hiyo suala la nani atangulie limeamuliwa kiwandani. Kama gari lako linafanya hivyo, usihangaike. Kaza mguu mpaka usikie mlio wa mota nyuma ukinyamaza na taa nyekundu ya P iliyozungushiwa duara iwake. Ukiwa kwenye mteremko na unataka mpangilio wa njia ya tatu, bonyeza swichi mwenyewe kabla ya P.

Kitu kimoja kinachochanganya watu: kile kitufe kinachoshika gari kwenye foleni ukiachia pedali, ambacho mara nyingi huandikwa HOLD, si handbreki. Hicho ni cha kusubiri taa, si cha kushukia.

Ufunguo na kitufe

Hapa ndipo ulinganisho unapogusa maisha ya watu.

Ufunguo wa kuzungusha ni mkali. Gia haiko P, ufunguo hautoki, basi. Unaweza kuukasirikia, lakini haukuachi ushuke na ufunguo mfukoni gari likiwa D. Kitufe ni kipole. Kwenye magari mengi ukibonyeza gia ikiwa nje ya P, injini inazima lakini umeme haukatiki. Redio inaendelea, dashibodi inabaki na mwanga, na kengele inalia kidogo ambayo ukifunga mlango huisikii tena. Nimewahi kuacha gari hivyo, gia kwenye N, handbreki imevutwa. Asubuhi betri ilikuwa imekufa kabisa. Na kwa sababu betri imekufa, nilipoweka P mkono wa gia nao haukutaka kutoka tena, maana kutoka P unafunguliwa na umeme ukikanyaga breki. Niliokolewa na kile kitundu kidogo karibu na mkono wa gia chenye kifuniko cha plastiki: unakifungua, unachomeka kitu chembamba, unakandamiza huku umekanyaga breki, gia inaachia. Kitafute kwenye gari lako leo, kabla ya siku ya shida.

Mkono wa gia wenyewe nao umebadilika. Ule wa zamani unaonyesha ulipo kwa macho na kwa mkono, uko mbele kabisa, basi ni P. Mikono mipya ya umeme hurudi katikati kila unapoiachia, na mingine ni ya kuzungusha au ni vitufe. Aprili 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliita zaidi ya magari milioni 1.1 duniani yarudishwe kurekebishwa, yakiwemo Jeep Grand Cherokee za 2014 na 2015, kwa sababu madereva walikuwa wakishuka wakidhani wameweka P kumbe hawajaweka. Tarehe 19 Juni mwaka huohuo, mwigizaji Anton Yelchin alifariki Los Angeles baada ya Jeep yake kurudi nyuma nyumbani kwake na kumbana kwenye nguzo ya matofali na uzio. Lilikuwa miongoni mwa yaliyoitwa.

Kwa gari la aina hii usiusikilize mkono wako. Tazama herufi kwenye dashibodi. Isome P kwa macho, kila mara, kisha ndipo uzime.

Na uzime mwishoni, si kabla. Msaada wa breki kwenye magari mengi unategemea injini inayowaka. Ukizima kwanza, pedali inakubali kukanyagwa mara mbili tatu kisha inakuwa ngumu kama ubao, na wewe bado hujafunga gari. Injini iwe ya mwisho kabla ya mguu.

Kuna pia ukimya unaodanganya. Magari yanayojizima kwenye foleni hunyamaza ukisimama, na dereva aliyechoka anaweza kufungua mlango akidhani amezima, kumbe gia iko D na injini inasubiri tu aachie breki. Mengi yana kinga ya mlango au mkanda, ila usiishi kwa kutegemea kinga. Haibridi, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, ni hivyohivyo: taa ya READY ikiwa inawaka, gari liko tayari kuondoka hata kama husikii kitu. Ukiliacha hivyo kwenye gereji iliyofungwa, injini ya petroli itajiwasha yenyewe betri ikipungua, na moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu na inayoua watu wakiwa usingizini. Kwa gari la kitufe, kabla ya kufunga mlango wa nyumba, hakikisha dashibodi ni nyeusi kabisa.

Siku ambazo handbreki inakaa pembeni

Kwenye baridi ya kugandisha maji, kebo na pedi zilizolowa zinaweza kuganda usiku, na asubuhi matairi ya nyuma hayazunguki. Hapo tumia P peke yake mahali tambarare, na weka kabari kwenye tairi. Gari linaloachwa wiki nyingi bila kuguswa, hasa mahali penye unyevu, nalo liache bila handbreki kwa sababu hiyohiyo, pedi hushikana na kutu ya diski. P na kabari mbili, moja mbele ya tairi na moja nyuma.

Na ukibadilisha tairi, kumbuka difu. Ukiinua tairi linalosukuma gari, usiitegemee P tena. Vuta handbreki, weka kabari au jiwe kubwa kwenye tairi la upande wa pili, pembe ya mkabala na jeki, kabla hujazungusha jeki hata mara moja. Nati nazo zilegeze tairi likiwa bado chini.